Mjomba aliuliza upepo: tulivyochagua kati ya Thailand na Malaysia

Kwa miezi mitatu mimi na mume wangu tulivutana. Yeye alitaka Thailand, mimi Malaysia. Mwezi haukuwa na mjadala: ni Juni, watoto wakifunga shule. Simu yake ilijaa picha za Phuket, kisiwa cha Thailand, na hata mimi zilinitamanisha.

Tukaenda Pangani kumsalimia mjomba, mvuvi tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na chai nikamweleza safari yetu. Hakuuliza nauli wala hoteli. Aliuliza, "Mwezi huo, mwanangu, huko kunavuma nini?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikafungua ramani, na ndipo mambo yakanikaa sawa. Wakati kwetu kunavuma kusi, wao hupigwa na upepo wa kusini-magharibi uliobeba mvua. Phuket iko upande wa magharibi wa rasi ndefu ambayo Thailand na Malaysia zinagawana, imeukabili moja kwa moja. Kuanzia Mei hadi Oktoba mawimbi huchafuka, bendera nyekundu husimikwa ufukweni, na visiwa vya Similan hufungwa kwa wageni. Ukivuka upande wa mashariki wa rasi hiyohiyo, pwani ya Malaysia imekingwa na milima, na Juni bahari yake imetulia. Kwao shida huja na kaskazi, Novemba hadi Februari, hoteli nyingi za visiwani zikafungwa.

Mume wangu akajitetea kwamba Thailand ina kisiwa kingine, Koh Samui, upande wa mashariki kwenye ghuba, ambako Juni hakuna shida kubwa. Ni kweli kabisa. Ila pasipoti ya Tanzania inaingia Malaysia bila viza kwa siku 30, na Thailand tungeomba viza nne, pamoja na taarifa za benki. Hapo alikubali. Malaysia tulijaza fomu ya kuwasili mtandaoni siku tatu kabla, bure, tukabeba na kadi za chanjo ya homa ya manjano.

Tulipitia Doha hadi Kuala Lumpur, tukaruka tena hadi Kota Bharu, kisha teksi hadi bandari ndogo ya Kuala Besut, na boti ikatufikisha visiwa vya Perhentian. Fika na fedha taslimu, na kumbuka kuwa huko mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Maji yalikuwa kioo. Binti yangu wa miaka tisa aliogelea juu ya kasa aliyekuwa akila majani chini, akanishika mkono kwa nguvu asiseme neno.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kujihisi kama niko nyumbani. Asubuhi tulikula nasi lemak, ambao ni wali wa nazi, na dagaa wa kukaanga na pilipili. Jioni samaki wa kuchoma. Chakula halali hatukuwa na haja ya kukitafuta. Na lugha! Meza wao wanaita *meja*, sabuni *sabun*, karatasi *kertas*, na bendera ni *bendera* ileile. Salamu yao, *apa khabar*, watoto waliielewa siku ya kwanza.

Mjomba nilimpelekea picha za bahari. Alizitazama kwa muda mrefu, akasema, "Shwari." Phuket tumeiweka Desemba, shule zikifungwa tena, na safari hii upepo niliuangalia kabla ya nauli.