Daftari la msaragambo

Niliingia kamati ya shule kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Basi nikakabidhiwa daftari la msaragambo.

Huku kwetu milimani Same, msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tumeukuta kwa mababu. Mifereji na barabara za vijijini zimepitiwa na majembe ya watu wasiolipwa senti. Safari hii tulikuwa tunajenga jiko la shule. Uji wa watoto ulipikwa nje, kwenye mafiga, na mvua ikinyesha hakuna uji. Tukapanga kila kaya ije Jumamosi kusomba mawe na mchanga. Asiyefika, faini 5,000.

Kati ya kaya 90 walifika watu 26, wanaume wanne tu.

Jumatatu nikazunguka kudai faini. Baba Neema, wa bodaboda, alinisikiliza huku anafuta tangi la pikipiki, halafu akauliza: "Mama Elia, tangu Januari 2016 tumeambiwa elimu bila malipo. Hiyo faini imetoka sheria ipi?" Kabla sijajibu, Mama Nakijwa akadakia kutoka ng'ambo ya njia: "Kilichofutwa ni ada! Uji nao atakuja kukupikia waziri?" Wakashikana hapo, mimi na daftari langu tukasahaulika.

Usiku nikampigia mume wangu, yuko Dar. "Lipa hiyo elfu tano ulale," akasema. Nikamwambia suala si hela, ni kujitolea. Akacheka. "Kujitolea gani kwenye faini?"

Niliudhika, lakini neno lile halikunitoka. Kesho yake nikamwomba mwalimu mkuu anionyeshe Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, ule wa elimu bila malipo. Sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi, kwa hiyo Mama Nakijwa hakukosea. Ila faini yetu sikuiona popote. Tulikuwa tumeitunga wenyewe, kikaoni, saa kumi na moja jioni, kila mtu akitaka kuwahi nyumbani.

Nikarudi kwa Baba Neema mikono mitupu. Bila daftari alikuwa mtu mwingine. Akanieleza kwamba miaka miwili nyuma walibeba mbao za madawati begani, nyingine zikayeyuka, na hadi leo hakuna aliyewaambia zilikwenda wapi. Tena Jumamosi ni gulio. Siku hiyo anabeba magunia ya tangawizi kutwa nzima, na ndiyo hela ya chakula cha wiki.

Kikao kilichofuata nikaomba faini ifutwe, kila mzazi achague siku na kazi anayoiweza, na vifaa vyote vinavyoingia na kutoka vibandikwe ubaoni kila Ijumaa. Mwenyekiti akang'aka: "Bila faini atakuja nani?" Huyo nilimtegemea. Ambao sikuwategemea ni akina mama waliokuwa wamekwisha kusomba. Mmoja akashusha kanga kidogo, akatuonyesha bega lilivyochubuka. "Kwa hiyo sisi ndio wajinga?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nilichoweza kusema ni kwamba wao wapumzike mawe, zamu zao ziwe za kupika tu. Tukakubaliana kujaribu wiki nne.

Watu hawakumiminika. Wiki ya nne nilihesabu kaya 41, na saba hazijaleta hata jiwe mpaka leo; nazijua, na tunasalimiana vizuri. Lakini Baba Neema alipandisha saruji yote kutoka barabara kuu, mifuko miwili miwili kwa pikipiki, jioni baada ya abiria kupungua. Kila Ijumaa alisimama mbele ya ubao akihesabu kwa kidole. Mara moja alikuta mfuko mmoja umepungua. Tukautafuta, kumbe fundi alikuwa ameuhamishia stoo ya majembe. Sijawahi kufurahi hivyo kukamatwa na kosa.

Bati zilipigwa Novemba. Desemba mume wangu akaja kula Krismasi, na asubuhi moja akabeba ndoo tano za maji kupeleka jikoni kwa ajili ya kumalizia sakafu. Alipotua ya tano, akajifuta jasho, akaniuliza kama nimemwandika.