Sweta kwenye mkanda

Julai ya Mafinga ina baridi ya kukata masikio. Mwaka 2014 nilikuwa natoa mabanzi kwenye dingdong moja, mashine ya kupasulia magogo kuwa mbao, pembezoni mwa msitu wa Sao Hill. Saa kumi na mbili asubuhi tulifika tumejifunika, sweta juu ya sweta, skafu shingoni, wengine mashuka. Mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye msumeno ulikuwa wazi. Kava lake lilifunguliwa zamani, eti linachelewesha kubadilisha mkanda, na sisi tulilikalia wakati wa uji.

Siku hiyo alikuja mama mmoja kutufundisha usalama. Nilidhani tutasaini karatasi basi. Alitusalimia, "Kamwene," akaomba injini iwashwe. Akafunga sweta kuukuu kwenye ncha ya mti mrefu, akausogeza taratibu. Mkono wa sweta uligusa mkanda tu. Sikuona likivutwa. Nilichoona ni mti mtupu mikononi mwake, na nyuzi za bluu zikizunguka kwenye puli.

"Haya wanangu, angekuwemo mwenzenu humo, nani angezima?"

Tulikuwa kumi na wanne. Fundi mashine peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, na yeye kutwa anasimama upande wa gogo, hatua nyingi kutoka kwenye injini. Niliumia sana. Miezi minane nilikuwa nimefanya kazi pale, nimefundishwa kupanga mbao na kuzihesabu, lakini waya wa kuzimia injini sijawahi kuonyeshwa. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri azibe sehemu za mashine zinazozunguka, tena awafundishe wafanyakazi wake. Sisi hata kusikia tu kwamba ipo hatukuwahi.

Alitupanga foleni. Kila mmoja akavuta ule waya, injini ikafa, ikawashwa tena. Tajiri alikuwa anaangalia saa yake, mama hakumjali. Hata dada wa uji aliitwa, akafuta mikono kwenye kanga, akavuta.

Jioni hiyo hiyo kava lilirudishwa, kwa boti mpya nne. Kesho yake tulikuja tumefunga mikono ya sweta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Skafu niliiacha nyumbani, ile aliyonifumia mama yangu. Aliiona imening'inia msumarini, akaniuliza kama siipendi. Nikamsimulia ile habari ya sweta. Alinyamaza, kisha akaichukua, na usiku akaifumua yote, akaanza kunifumia kofia.