Jinsi nilivyoachana na soda

Kwa miaka mingi nilikunywa soda mbili kila siku, moja adhuhuri na nyingine alasiri, nikiamini kwamba bila hizo kazi isingekwenda. Kilichonizindua ni maandishi madogo ubavuni mwa kopo: mililita 330 zilikuwa na gramu 35 za sukari. Nilichukua kijiko cha chai nikapima kiasi hicho kwenye glasi tupu, nikafika karibu vijiko 9, na kwa kweli niliogopa, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unapendekeza, ikiwezekana, sukari ya kuongezwa pamoja na ile ya asali na juisi isifikie asilimia 5 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 25 kwa mtu mzima.

Jaribio la kuacha ghafla lilinishinda siku ya pili kwa maumivu makali ya kichwa. Baadaye nilielewa kwamba soda yangu ilikuwa na kafeini, na mwili ulioizoea huteseka ikikatwa mara moja. Hivyo nilipunguza taratibu: wiki mbili soda moja kwa siku, wiki mbili nyingine nusu yake, kisha basi. Sikukimbilia juisi za paketi, maana nyingi nazo zimejaa sukari. Saa ya alasiri, iliyokuwa ngumu kuliko zote, niliivuka kwa maji baridi yenye kipande cha limau.

Baada ya miezi miwili nilionja soda tena. Ilikuwa tamu mno, nikaiacha baada ya funda la pili.