Nilivyolirudia jina langu

Kwa miaka minane kazini niliitwa kwa jina la baba yangu. Jina lake linaanza na A, langu linaanza na B. A hutoka na pumzi tu. B inataka midomo ifunge kwanza, na yangu ikishafunga, wakati mwingine haifunguki.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Watoto wengi wanaokipata hukiacha kadiri wanavyokua; kwa watu wazima hubaki takriban mmoja katika kila mia, na mimi ni mmojawapo. Lakini ungenijua enzi hizo usingegundua. Nikiliona neno gumu linakuja, kama dereva anavyoliona shimo barabarani, nilikata kona mapema. "Bei" ikawa "gharama". "Kesho kutwa" ikawa "siku mbili zijazo". Nikiulizwa jambo ninalolijua vizuri, nilisema sikumbuki. Simu niliiacha iite hadi ikatike, kisha nikatuma ujumbe. Jioni nilikuwa hoi kama mtu aliyebeba mizigo kutwa.

Jina ndilo lililonishinda, maana jina halina kisawe. Ndiyo sababu wengi wetu hukwama hapo kuliko popote pengine. Siku ya kwanza kazini tuliambiwa tujitambulishe mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikalitaja la baba, likatoka laini, watu wakaitikia, nikakaa. Nafuu ile ya dakika moja niliilipia miaka minane.

Mpaka mama alipopiga simu ofisini. Yangu nilikuwa nimeizima, naye alikuwa na habari kwamba dada yangu anaumwa. Akaniulizia kwa jina alilonipa. Akajibiwa kwa adabu kabisa kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akapiga tena, akajibiwa vilevile. Jioni tulipoonana hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, jina lako limekukosea nini?"

Nilitaka kumjibu, nikakwama, na safari hiyo sikutafuta neno lingine. Nilikaa pale koo limekaza, yeye akinitazama, akanisubiri mpaka likatoka: "Linanikaba, mama."

Nilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya usemi nikitegemea ataniondolea kigugumizi. Akaniomba nigugumize kwa makusudi. Nilidhani hakunielewa. Ndipo akanieleza habari za Charles Van Riper, Mmarekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, aliyefundisha kwamba kinachomtesa mtu zaidi ni kule kupambana na kukwepa. Ukikubali kukwama, unaweza kujifunza kukwama kwa ulaini. Mwingine, Joseph Sheehan, naye mwenye kigugumizi, alikifananisha na mlima wa barafu unaoelea baharini: wanachokisikia watu ni kile kipande cha juu, ilhali aibu na hofu vimezama chini, na huko ndiko kuliko na sehemu kubwa. Mimi nilikuwa nimekizamisha hata hicho kipande cha juu.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa kumpigia simu mtu nisiyemjua, kumuuliza wanafungua saa ngapi, na kuigugumiza "s-s-saa" kwa hiari yangu. Jasho lilinitoka hadi simu ikateleza mkononi. Yule mtu akasubiri, akanijibu, akanitakia siku njema. Basi. Nikabaki nimeishika ile simu, machozi yananitoka.

Kazini ilinichukua miezi mitatu zaidi. Kikao cha asubuhi nikasimama: "Nina kigugumizi. Nikikwama nisubirini, msinimalizie neno. Na hilo jina mnaloniita ni la baba yangu." Kisha nikalianza langu. Midomo ikafunga. Niliwatazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa nimekwama, nikailegeza midomo kidogo kidogo kama nilivyofundishwa. B ikatoka mara nne, tano, jina likafuata. Mmoja wao akalirudia polepole, kama anayelionja. Wengine walihitaji wiki kadhaa kulizoea, na wawili hadi leo huniita kwa lile la zamani. Siwalaumu, mimi ndiye niliyewazoesha.

Wenye nia njema hutuambia "vuta pumzi", "tulia kwanza". Naomba sana tusiambiwe hivyo. Kigugumizi hakitokani na woga wala upungufu wa akili. Kinahusiana na jinsi ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi hujirudia katika ukoo mmoja. Tunachohitaji ni muda na macho yasiyokwepa.

Bado nakwama. Kuna siku nakwama kuliko hata enzi za kujificha, kwa kuwa sasa nasema ninachotaka kukisema. Juzi nilipiga simu kuomba miadi.

"Jina lako nani?"

Nikakwama. Upande wa pili kimya, kisha: "Haloo? Naona mtandao unakatakata."

"Mtandao uko sawa," nikamwambia. "Nina kigugumizi. Jina linakuja."

Akasema hana haraka. Likaja.