Mimi si DJ, nafunga vifurushi

Nyumbani Tanga, mama ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi ya muziki Ulaya. Mwaka jana shangazi alinipigia simu kuniuliza kama nitakuja kupiga disko kwenye harusi ya binamu. Nikamwambia, shangazi, mimi si DJ, mimi nafunga vifurushi. Akacheka, akaniambia niache kuficha riziki.

Basi leo naandika siku moja nzima, Ijumaa ya Novemba, kama ilivyokuwa. Nafanya kazi kwenye stoo ya duka la santuri hapa Berlin, mtaa wa Kreuzberg, kwenye ua wa nyuma usioona jua tangu mwezi wa kumi. Tunauza tekno na hausi na jamaa zao wote, muziki wa usiku unaochezwa kwenye kumbi za chini ya ardhi, na mwingine haupatikani popote ila kwenye santuri ya inchi 12. Mbele kuna kaunta ya wanaokuja kwa miguu. Kinachotulisha ni vifurushi.

Saa 12 asubuhi. Giza, nyuzi 2, chai ya tangawizi, treni ya U8 kutoka Hermannstraße hadi Kottbusser Tor, kila mtu amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Saa 2. Lori la mzigo limeshafika na dereva ameshanuna. Maboksi 14, stoo iko ghorofa ya kwanza, lifti hakuna. Boksi moja hukaa santuri 50 na linapita kilo 12. Huwa nayapandisha yote kabla bosi hajaja, kwa sababu akinikuta atataka kunisaidia, na mgongo wake ni mbovu kuliko wangu.

Kati ya mzigo huo yalikuwemo mawili yaliyoandikwa kwa kalamu nene jina la lebo ndogo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ambayo wateja walikuwa wanaiulizia tangu Septemba. Santuri nyeusi, karatasi ya katikati (nayo huitwa lebo) nyeupe tupu, hakuna jina la msanii, hakuna picha. Zimechapwa 300 dunia nzima. Sisi tumepewa 60.

Saa 3. Mwenye lebo akaja mwenyewe na muhuri wa mpira na kibweta cha wino. Mchana ni mpishi kwenye mgahawa, usiku ndiyo hayo. Tukagawana kazi: yeye anagonga muhuri, mimi nazipanga zikauke, kama mtu anayeanika dagaa. Wino ule ulikuwa hautaki kukauka kwa ile baridi. Ukishika kabla ya wakati, kidole gumba kinabaki juu ya lebo, na kuna santuri mbili zimeenda ulimwenguni na alama ya kidole changu. Nikataka kuzitenga. Akasema ziache, hizo ndizo watakazozigombania. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Watu hudhani 300 ni ujanja wa kuwatia wateja kiwewe. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai. Huyu mpishi wetu sababu yake ni mfuko. Wimbo unachongwa kwanza kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka, sahani ile inapuliziwa fedha, inazamishwa kwenye maji ya nikeli na umeme, ndipo unapatikana ule uso wa chuma unaokandamiza plastiki ya moto ikawa santuri. Gharama hizo za mwanzo ni zilezile uchape 100 au uchape 1,000, na analipa yeye, kabla hajauza hata moja. Akichapa 300 zikaisha, anarudisha pesa na kubakiwa na kidogo cha kuanzia nyingine. Akichapa 1,000, mia tano zitalala chini ya kitanda chake na mkewe atazijua kwa idadi.

Na kuchapa kwenyewe ni kupanga foleni. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule California kiliungua moto, na duniani vilikuwepo viwili tu vinavyotengeneza zile sahani za laka, cha pili kiko Japani. Mara ikaja korona, na wasanii wakubwa nao wakarudi kwenye santuri kwa oda za maelfu na maelfu. Mwenye oda ya 300 akawa kama mgonjwa asiye na mjomba hospitalini: yupo kwenye orodha, lakini wa mwisho.

Saa 4. Sauti ya mama kwenye WhatsApp. Mvua za vuli zimeanza, bati la jikoni linavuja upande wa jiko, fundi ameangalia, anataka laki mbili na nusu. Halafu: "Lakini usijisumbue baba, nimeweka ndoo." Mwenye mama wa Kitanga anajua maana ya "usijisumbue".

Saa 5. Karatasi za forodha. Uingereza tangu walipojitoa Umoja wa Ulaya ni fomu, na Marekani tangu Agosti 2025 walipofuta ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, kuna wateja wanaolipia posta na gharama za forodha kuliko muziki wenyewe. Wanalipa. Mmoja kule Detroit kwenyewe huagiza kwetu kila mwezi, na mimi kila nikiandika anwani yake nacheka, maana ni kupeleka nazi Pemba. Tekno ilizaliwa kwao, ikapigwa na vijana weusi kina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson miaka ya 80, ikavuka bahari ikafika hapa na ukuta wa Berlin unaanguka. Wateja wengine wakiniona kaunta hudhani nimetoka Detroit, wanaanza kuniuliza mambo ya huko kwa heshima kubwa. Nikisema Tanga wanaduwaa kidogo, halafu wananiuliza singeli.

Saa 6 mchana. Hapo ndipo siku ilipoanza kweli. Katika 60, tatu ni za wafanyakazi: desturi ya bosi ni kila mmoja wetu anunue moja kwa bei ya jumla akipenda. Yangu niliiweka chini ya meza, nikaifunika kwa koti. Kumi zikaenda kaunta. Arobaini na saba bosi akaziweka mtandaoni kwa yuro 14, kopi moja kwa mteja.

Saa 6 na dakika 9, zote zimekwisha. Printa ikawa inatema karatasi kama mashine ya kusaga iliyoachiwa. Nikaanza kukagua anwani. Watu watatu, majina matatu, nyumba moja, ghorofa moja, kengele moja. Nikafuta mbili, zikarudi sokoni, zikadumu sekunde. Saa 6 na dakika 40 mwenzangu wa kaunta akanionyesha simu yake: mtu ameshaitangaza Discogs, soko la santuri la mtandaoni, kwa yuro 95. Haijatoka stoo. Iko mbele yangu, wino wake unanuka.

Siku nilipomweleza mama jambo hili alielewa haraka kuliko Mjerumani yeyote. "Kumbe mnauza bidhaa adimu," alisema. Yeye ameiona 1983, foleni ya sukari na sabuni, Waziri Mkuu Sokoine anawasaka walanguzi na watu wanatupa mali usiku kwa kuogopa msako. Akaniuliza huku walanguzi wanafungwa miaka mingapi. Nikamwambia huku wanapewa nyota tano na wanunuzi wao.

Saa 8. Nilikuwa na kipande cha mkate mkononi alipoingia mtu mmoja na mfuko wa kitambaa. Ametoka mji mwingine, ametumia saa nne kwenye treni, akanitajia hizo saa nne kabla ya salamu. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunahesabu mali, tuliokota nyuma ya rafu santuri moja ya miaka minne nyuma, toleo la kwanza, mpya kabisa. Sokoni inakwenda zaidi ya yuro 100. Bosi wangu ana msimamo wake: kibandiko kimeandikwa 12, inauzwa 12. Akaipata huyu bwana kwa bahati. Sasa anairudisha, anasema ilifika na mikwaruzo, anataka pesa yake na nauli.

Kijerumani kina "wewe" ya heshima na "wewe" ya watoto na marafiki. Mimi nampa ya kwanza, yeye ananipa ya pili. Nina miaka 38, yeye ananiita kijana. Hayo nimeshazoea, nayataja tu.

Nikaitoa kwenye mfuko wake wa karatasi, nikaipeleka chini ya taa. Mikwaruzo ipo kweli, mirefu, ya sindano iliyoburutwa. Lakini kabla ya mikwaruzo mimi huangalia pale karibu na lebo, sehemu tupu ambapo muziki umekwisha na sindano inazunguka bure. Kuna namba zimechorwa pale kwa mkono na mchongaji. Ndicho kitambulisho cha santuri. Unainamisha santuri polepole mpaka mwanga uingie kwenye mchoro, kama unavyotafuta mwiba kwenye kiganja cha mtoto. Toleo la kwanza lina herufi tatu na tarakimu mbili, basi. Lilipochapwa tena mwaka jana waliongeza mbele yake herufi R na mstari mdogo. Na R ilikuwepo, inanitazama.

Nikamwambia kwa upole, bwana, hii siyo tuliyokuuzia.

"Una uhakika unajua unachotazama?"

Nikamwelekeza mwanga aone. Hakuinama. Akasema herufi hizo hazina maana, kila mchongaji huchora anavyotaka. Nikamletea toleo jipya kutoka rafuni, nikaziweka sambamba: R na R. Akasema basi mlinitumia hili tangu mwanzo. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha picha niliyopiga mwenyewe kabla ya kufunga, maana kitu cha thamani hatukitumi bila picha. Hapo hakuna R. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kuzungumza naye.

Mtu mwingine alikuwa benki. Tukamsubiri pamoja, dakika arobaini, yeye akipekua rafu zangu nilizozipanga na kuzirudisha kichwa chini, mimi nikifunga vifurushi kwa mkono mmoja na jicho moja. Mara anitake nimfungulie nane achague ambayo pembe za jalada hazijapinda. Mara anihadithie ana santuri elfu ngapi nyumbani, na za Basic Channel, lebo ya tekno ya hapa Berlin, zote za 1993, na kwamba zile nzuri hazipigi kabisa, zimelala kwenye plastiki. Nilimwamini. Mikono yake ilikuwa inashika santuri vizuri, kwenye kingo tu, viganja wazi. Mwizi anayejua kubeba yai.

Bosi alipofika akatazama taa, akatazama R, akamtazama mtu. Hakusema neno. Yule bwana akapiga paji la uso: "Loo! Ninazo mbili rafuni, nimechanganya." Akairudisha mfukoni mwake taratibu. Hakuomba radhi, wala nauli hakuitaja tena. Ila mlangoni aligeuka, na safari hii akanipa ile "wewe" ya heshima. Akauliza: "Ile ya muhuri ya leo, je, hakuna hata moja iliyobaki nyuma?"

Nikamwambia zimekwisha. Mguu wangu ulikuwa unaligusa lile koti.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Gari la posta huja saa 11 na nusu na halimsubiri mtu, na vifurushi vilikuwa bado themanini na kitu. Kazi yenyewe ni hii: unaitoa santuri kwenye jalada, unaiweka nyuma yake, maana ikibaki ndani itapasua mshono njiani. Kadibodi moja mbele, moja nyuma, mistari ya moja imelala na ya nyingine imesimama ili lisikunjike. Pembe, pembe, pembe, pembe. Selotepu. Anwani. Ukifika kifurushi cha hamsini ngozi ya kidole cha shahada imeisha na kadibodi inaanza kukukata bila wewe kuhisi, unashtuka tu kuna doa jekundu kwenye kifurushi cha mtu wa Osaka.

Katikati ya hayo kijana mmoja alinijia na santuri ya singeli, ya wale Nyege Nyege Tapes wa Kampala, akiwa na wasiwasi kwamba ameipiga kwa kasi isiyo yake. Ilikuwa kasi yake. Nikamwambia huko Dar watu wanaicheza hivyohivyo, na jua juu. Akaondoka ameishika kama kombe la maji. Hiyo ilikuwa dakika yangu nzuri ya siku.

Gari lilikuja, lilijaa, likaondoka. Nje ilikuwa giza tangu saa 10, sikuliona likiingia. Nikafagia vumbi la kadibodi, nikavaa koti, nikaichukua santuri yangu, nikamlipa bosi yuro 9.

Kwenye treni niliibeba kifuani isikunjwe na watu. Kwangu sina mashine ya kuipigia. Niliyokuwa nayo niliiuza kipindi kodi ilipopanda. Nikapika ugali, nikala, nikasikiliza tena ile sauti ya mama, safari hii nikasikia na matone kwenye ndoo kwa nyuma. Nikaangalia Discogs. Wapo watatu sasa, aliye chini kabisa ni 90.

Nikaondoa sahani mezani, nikapangusa meza vizuri, nikaiweka santuri chini ya taa, nikaipiga picha upande A. Kisha nikaigeuza.