Jiwe la Coccinelle

Papa alikuwa na gari nne na batri moja. Ile batri ilikuwaka inalala chini ya kitanda chake, yeye anasema ni juu ya wezi, Mama anasema ni juu anaipenda kumupita yeye. Gari zenyewe, Volkswagen Coccinelle rangi ya maziwa, Peugeot 404, Land Rover isiyo na milango, na Mercedes ya mazutu yenye sijaiona ikitembea tangu nizaliwe. Watu walikuwa wanacheka, muzee na mshahara wa mwalimu na garaji kama ya tajiri! Lakini hakuna mtoto wake aliyerudishwaka nyumbani juu ya minerval, pesa ya masomo, alikuwa anauza saa yake ya mukono kwanza, gari hapana.

Kwetu ni Nguba, Bukavu, Kongo, parsele imelala ku mulima. Gari zote zilikuwa zinaangalia chini, ndiyo batri yetu ya pili. Unatoa jiwe mbele ya tairi, inateremka, unatia vitesi (gia) ya pili, unaachia ambreyaji (klachi), inadema, moteri inawaka. Freni ya mukono haikuwa inashika hata moja, kwa hiyo kila mtoto alipewa jiwe lake, na langu lilikuwa la Coccinelle.

Sasa jumamosi moja jioni nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye mpira, jiwe kubwa lilibingirika mbali nikaona uvivu kulifuata, nikatia kadogo kama kiazi. Kesho yake ni tarehe 3 mwezi wa pili 2008, siku ya mungu. Saa tatu na nusu asubuhi Mama na wadogo wako misa, Papa kaingiza kichwa mu kapo ya 404 anapanguza bujii, mimi namushikia fungo. Chini ikalia kwanza, kama kamio nzito inapanda, halafu ikatutupa. Tetemeko la 5.9, tulijua baadaye ku radio, na kwamba ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, kanisa liliangukia watu wakiwa wanasali.

Kakiazi kangu kakaruka. Coccinelle ikaanza kwenda, polepole, karibu na heshima, inapita mbele ya Papa kabisa, angenyoosha mukono angeishika ku dirisha. Aliiona. Mimi nilimuona anaiona. Halafu akageuka akakimbia mu nyumba yenye ilikuwa bado inacheza, vigae vinaanguka, akatoka na Koko, nyanya yetu, mgongoni kama mtoto, Koko anamupiga ku bega anadai viatu vyake. Na huko chini, paah, ukuta wa jirani.

Alimuketisha Koko kwenye majani, akamuvalisha kitenge vizuri, ndiyo akateremka kuangalia. Pua ilikuwa imekunjamana yote. Akafungua nyuma, moteri nzima, hakuna hata alama. Akacheka mpaka akaketi chini: "Wazungu walitia moteri nyuma, walijua mimi nitazaa watoto kama hawa."

Tulilala nje siku nyingi, kwani ilikuwa inarudiarudia kutetemeka na hakuna mtu mu mtaa alitaka kuona dari. Koko alipewa kiti cha mbele cha 404, kile kirefu, levier ya vitesi iko ku volani (usukani) kwa hiyo unanyoosha miguu bila shida. Mercedes wakalala dada zangu na watoto wa jirani, yule wa ukuta, na mke wake akatuletea sambaza, wale samaki wadogo. Unaamka usiku unaona taa za wavuvi ku ziwa, na Papa anazunguka gari na tochi, anapima jiwe kwa jiwe, kila dirisha anachungulia nani amejifunika na nani hapana.

Hakuniuliza kitu. Ila siku ya tatu akaniambia tuende, tukashuka mpaka karibu na ziwa, akachagua jiwe ambalo mtu mmoja haliwezi, tukalipandisha wawili, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, tunapumzika kila hatua kumi, na muda wote alikuwa anaongea juu ya kabureta.

Amekufa sasa. Ku matanga viti vilipungua, baba mudogo mmoja akaenda kuketi juu ya lile jiwe, na mimi na machozi yangu yote nikamwambia baba, samahani, simama hapo, hiyo ni freni ya mukono.