Papa aliyesikia "bouton, bouton" tu

Agosti 2024, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, nilikabidhi tovuti kwa shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Wazazi wangeandikisha watoto bila kupanga foleni getini, na wangeona minerval, yaani ada ya shule, ya kila darasa wakiwa nyumbani. Niliitengeneza kwa miezi miwili katika chumba chetu cha kazi Kamalondo, na niliipenda sana. Siku ya tatu prefe, mkuu wa shule, akanipigia: kuna mzazi amekuja kulalamika kwamba tovuti haimjibu. Mzazi huyo, Papa kama tunavyowaita akina baba hapa, haoni.

Niliomba namba yake, nikapanda teksi-basi hadi Katuba. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, simu ya Android mkononi, TalkBack imewashwa. Hiyo ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. Ukipitisha kidole kwenda kulia inahamia kitu kinachofuata, ukigonga mara mbili inakifungua. Alinionyesha anavyosoma jumbe zake za WhatsApp na kutuma pesa, tena upesi. Halafu akafungua tovuti yangu.

"Bouton," simu ikasema, yaani "kitufe", maana aliiweka kwa Kifaransa. "Bouton. Bouton."

"Sikia mwenyewe, mwanangu," akaniambia. "Vyote ni bouton. Sasa nifinye gani?"

Nilikuwa nimechora kalamu kwa ajili ya kuandikisha, sarafu kwa ajili ya minerval, na simu kwa ajili ya mawasiliano. Anayeona anaelewa mara moja. Lakini ndani ya msimbo vitufe vile havikuwa na jina lolote, na programu haiwezi kubahatisha maana ya mchoro. Fomu nayo ilikuwa hivyo hivyo: niliandika maneno "jina la mtoto" juu ya kisanduku bila kuyafunga na kisanduku chenyewe kwa lebo, kwa hiyo Papa alisikia tu kwamba hapa panaandikwa kitu. Kitu gani, hakuambiwa. Na hata maneno yaliyosomeka yalisomwa kwa ulimi wa Kifaransa, "jina" ikawa "zhina", "chagua" ikawa "shagua". Nilikuwa nimenakili kiolezo ambacho mstari wake wa kwanza unatangaza kwamba ukurasa ni wa Kifaransa. Herufi mbili tu, fr, nilizopaswa kuzigeuza sw, zilimfanya mzazi asiielewe lugha yake mwenyewe.

Nilirudi Kamalondo nikiwa na aibu, nikapakua NVDA kwenye kompyuta. Ni programu ya bure ya kusoma skrini, iliyoanzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran na James Teh, wote wawili hawaoni. Nilizima mwanga wa kioo nikaanza kutembea kwenye tovuti yangu kwa kibodi. Ukibonyeza H, NVDA inakurusha hadi kichwa cha habari kinachofuata. Kwangu haikurukia popote, kwa sababu vichwa vyangu vilikuwa maandishi ya kawaida niliyoyanenepesha na kuyakuza. Nikavitengeneza upya kuwa vichwa vya kweli. Nikavipa vitufe majina, visanduku lebo, ukurasa lugha yake, na vipande vya Kifaransa nikavitia alama peke yake. Mwisho nikaendesha Lighthouse, kipimo kilichomo ndani ya kivinjari cha Chrome, kinachokagua kama tovuti inatumika na wenye ulemavu. Ikanipa 100 kwa 100. Nikarudi Katuba nikijua kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Tulipakua kwanza sauti ya Kiswahili kwenye simu yake, na alipoisikia "andikisha mtoto" ikitamkwa sawasawa alitabasamu. Akaingia kwenye fomu, akaandika jina, akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa. Hapo nilikuwa nimeweka kalenda nzuri inayofunguka kwenye mwezi wa sasa, yenye mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Mtoto wake alizaliwa Machi 2012. Kutoka Agosti 2024 ni kugonga mara 149. Alifika kama mwaka 2021, kidole kikateleza, kalenda ikajifunga, akarudi mwanzo. Hakukasirika. Aliweka simu chini na kunyamaza, na mimi ningeona nafuu kama angenigombeza.

Kipimo hakikuliona kosa hilo, kwa sababu mshale ulikuwa na jina na kila kitu kilikuwa "sawa". Nilifuta kalenda siku ile ile, nikaweka visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Tangu hapo siiti tovuti yoyote imekamilika kabla sijakaa kando ya mtu anayeihitaji, nimwangalie anavyofanya, nifunge mdomo.

Minerval ndiyo iliyotusumbua zaidi. Shule ilichapa orodha ya ada, ikapiga muhuri, prefe akatia sahihi, wakapiga picha, nami nikaibandika picha ile. Maandishi mbadala niliyoweka, yaani maneno ambayo programu husoma mahali pa picha, yalikuwa "ada za shule". Kwa kipimo hilo linatosha, kwa kuwa picha ina maelezo. Kwa mzazi ni sawa na kuambiwa kuna karatasi ukutani. Nilipopendekeza tuandike jedwali lenyewe, prefe alikataa: bila muhuri wazazi watasema si rasmi, na wapo walaghai wanaotunga ada za uongo. Hoja yake ilikuwa ya kweli, siwezi kuidharau. Nilimtajia sheria ya nchi yetu ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, akasikiliza kwa heshima bila kubadilika. Kilichomgeuza ni simu. Nilimwashia TalkBack, nikamwomba afumbe macho anitajie ada ya darasa la saba. Alipitisha kidole mara kadhaa, akafumbua macho, akasema, "Weka vyote viwili."

Sasa jedwali la maandishi liko juu, kila safu ikiwa na kichwa chake, ili ukisikia kiasi usikie pia ni cha darasa gani. Picha yenye muhuri iko chini, na haipakuliwi mpaka mtu aifungue. Kwa mwenye megabaiti chache hiyo pia ni nafuu, kwani jedwali ni dogo mno kuliko picha.

Mengine yalikwenda haraka. Kijivu changu cha maandishi juu ya nyeupe kilikuwa na utofauti wa mwangaza wa 2.8 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa shirika la W3C wa tovuti zinazotumika na watu wote, unadai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, nikakitia weusi kabla hata ya kuendesha Lighthouse. Makosa ya fomu, ambayo yalikuwa mstari mwekundu tu, sasa yanaelezwa kwa maneno. Na penye "tupigie simu" nikaongeza namba ya ujumbe, kwa sababu mama mmoja kiziwi alilazimika kumtuma jirani aongee kwa niaba yake.

Papa alimwandikisha mtoto wake mwenyewe, kwa dakika 11, nikiwa kimya pembeni. Simu ilipomwambia "fomu yako imepokelewa" alirudi nyuma akaisikiliza tena. Kisha akaniuliza:

"Na buletini? Maana mtoto ndiye ananisomea pointi zake. Ananisomea zile anazotaka."

Buletini, yaani ripoti za matokeo, za shule ile bado ni picha. Nimemwomba prefe mfano mmoja mtupu, na Jumamosi naanza nazo.